Mgonjwa Aliyerudi: Historia ya Ruhusa ya Hospitali Mikononi mwa Wauguzi

Mswahili anayetoka wodini husema amepewa ruhusa. Sisi tunaozungumza Luganda tunasema "bamusiibudde", yaani wamemuaga, kwa kitenzi kile kile kinachotumika mgeni anapoagana na wenyeji wake. Maneno haya mawili hayalingani. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka, na asiyepewa hana budi kubaki. Kuagana ni jambo la heshima, na mgeni anayeagwa hata kusindikizwa husindikizwa. Hata hivyo maneno yote mawili yanaishia mlangoni. Hakuna linalouliza mgonjwa atakuta nini nyumbani, nani atamfungua bandeji, nani atampikia, na dawa zikiisha atazipata wapi.

Maswali hayo ndiyo ambayo wauguzi wa leo huyaita mpango wa ruhusa. Vitabu vya uuguzi huyaeleza kama hatua za kufuatwa: kumhoji mgonjwa tangu siku ya kulazwa, kumfundisha yeye na jamaa zake, kuandika orodha ya dawa, kutaja dalili za hatari, kupanga tarehe ya kurudi kliniki. Insha hii haina nia ya kurudia hatua hizo. Inauliza zilitoka wapi. Hoja yangu ni kwamba mpango wa ruhusa haukuzaliwa kwa huruma peke yake wala kwa amri ya madaktari. Ulizaliwa kila mara mtu fulani alipoanza kuwaangalia wagonjwa waliorudi, akajiuliza kwa nini wamerudi. Na mtu wa kwanza kumwona aliyerudi mara nyingi ni muuguzi, kwa kuwa ndiye anayemtandikia kitanda mara ya pili.

Tuanze na wakati ambapo swali hili halikuwepo. Katika karne ya 19 hospitali za Ulaya na Marekani zilikuwa mahali pa maskini. Tajiri aliuguzwa nyumbani kwake na daktari alimfuata huko. Maskini aliyelazwa alikaa wiki nyingi, hata miezi, na alipoanza kupata nafuu alisaidia kazi za wodi: kufagia, kubeba chakula, kuwalisha walio hoi. Alipotoka alikuwa ameshapona au ameshachoka. Florence Nightingale, ambaye tumezoea kumsoma kama mama wa usafi na takwimu, alishikilia katika maandishi yake kuhusu hospitali kwamba mgonjwa asibaki humo hata siku moja zaidi ya anayohitaji kwa matibabu. Sababu yake haikuwa pesa. Aliona kwamba wodi zenyewe zilikuwa zinaua, kwa msongamano, hewa chafu na vidonda vilivyooza. Kwa maana hiyo ruhusa ya mapema ilianza kama njia ya kumwokoa mgonjwa na hospitali.

Lakini amwokoe ampeleke wapi? Jibu mojawapo lilitoka Liverpool. Mwaka 1859 mfanyabiashara William Rathbone, aliyekuwa amefiwa na mkewe, alimwajiri Mary Robinson, muuguzi aliyemhudumia mke huyo, awatembelee maskini wa mji huo majumbani mwao. Huo ukawa mwanzo wa uuguzi wa mitaani nchini Uingereza, ambao baadaye ulienea. Hivyo basi palikuwa na muuguzi wa wodini na palikuwa na muuguzi wa mtaani. Kilichokosekana ni kamba ya kuwaunganisha. Muuguzi wa wodini hakujua mgonjwa wake anaishi wapi, na muuguzi wa mtaani hakujua mgonjwa wake alifanyiwa nini.

Kamba hiyo ilianza kusokotwa Boston. Daktari Richard Cabot wa Massachusetts General Hospital alichoshwa na kazi yake ya kuwatibu wagonjwa wa nje. Waliingia mmoja baada ya mwingine, akawaandikia dawa, wakaondoka, kisha wakarudi na ugonjwa ule ule. Alimwambia mama mwenye watoto na kibarua kwamba apumzike, huku akijua hawezi kupumzika. Alimwambia mwenye kifua kikuu ale vizuri na alale penye hewa safi, ilhali mtu huyo alilala na wenzake katika chumba kimoja kisicho na dirisha. Mwaka 1905 Cabot alimleta hospitalini Garnet Pelton ili afuatilie maisha ya wagonjwa hao nje ya chumba cha daktari. Pelton alikuwa muuguzi. Baada ya miezi michache yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu akaacha kazi, na nafasi yake ikachukuliwa na Ida Cannon, naye pia muuguzi kwa mafunzo, aliyeiongoza kazi hiyo kwa miaka mingi na kuandika kitabu juu yake mwaka 1913. Hospitali yenyewe haikuwa na hamu na jambo hili hapo mwanzo, kiasi kwamba Cabot alilazimika kutoa pesa zake na za marafiki zake. Mwaka 1906 hospitali ya Bellevue mjini New York nayo ikaanzisha kazi kama hiyo chini ya muuguzi Mary Wadley.

Wanahistoria wa ustawi wa jamii huidai hadithi hii kuwa yao, na wana haki, kwa kuwa fani ya maofisa ustawi wa jamii wa hospitali ilichipuka hapo. Lakini isisahaulike kwamba watangulizi wote watatu walitoka katika uuguzi. Waliingia nyumba za watu wakiwa na jicho lililozoea wodi. Mtu aliyewahi kumgeuza mgonjwa kitandani akiingia chumba huona mara moja kama kitanda kinatosha, kama maji yako mbali, na kama ngazi zitapandika.

Kwa nusu karne iliyofuata kazi hii ilibaki kama jambo jema lisilo la lazima. Kilichoibadilisha ni hesabu za pesa. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Mwanzoni bima hiyo ililipa hospitali kulingana na gharama zilizotumika. Ili kuelewa matokeo yake, msomaji amfikirie mwashi anayelipwa kwa siku: hana haraka ya kumaliza ukuta. Gharama zikapanda mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 1983 bunge la Marekani likabadili utaratibu. Sasa magonjwa yaligawanywa katika mafungu mia nne na zaidi, na kila fungu likapangiwa malipo yake. Mzee aliyevunjika nyonga aliiletea hospitali kiasi kile kile, akilala siku 7 au siku 20. Mwashi alianza kulipwa kwa ukuta mzima, na kama tujuavyo, mwashi wa namna hiyo humaliza kabla ya jua kuzama.

Wazee wakaanza kutoka mapema. Wauguzi walioshuhudia miaka hiyo walikuwa na msemo mchungu kwamba wagonjwa wanatoka upesi zaidi na wakiwa wagonjwa zaidi. Vidonda ambavyo vingefunguliwa na kusafishwa wodini vilipelekwa nyumbani vikiwa vibichi. Mirija ya mkojo, oksijeni na sindano za insulini vikawa vyombo vya sebuleni. Mwaka 1986 sheria nyingine ikazitaka hospitali zinazopokea malipo ya Medicare ziwe na mpango wa ruhusa kwa wagonjwa wao. Kile ambacho Pelton alifanya kwa pesa za marafiki wa daktari kilikuwa sasa sharti la kisheria. Hata hivyo sheria inaweza kudai fomu ijazwe, lakini haiwezi kudai kwamba aliyeijaza amefikiri. Katika hospitali nyingi mpango wa ruhusa uligeuka karatasi ya kutiwa alama.

Ni wakati huo ambapo wauguzi wawili watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, walifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote katika historia hii. Hawakulalamika kwamba wagonjwa wanatolewa mapema. Waliuliza ni kitu gani kinahitajika ili kutoka mapema kusiwe hatari, kisha wakakijaribu kwa utafiti.

Wa kwanza ni Dorothy Brooten. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986 ulihusu watoto njiti waliozaliwa na uzito usiozidi gramu 1,500. Kwa desturi watoto hao walibaki hospitalini mpaka wafikishe uzito wa gramu 2,200 hivi. Brooten na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifuata desturi. Kundi la pili lilitolewa mapema endapo mtoto alikuwa ametulia na nyumba iko tayari, bila kusubiri uzito ule. Kwa kundi hili muuguzi bingwa aliwafundisha wazazi kabla ya kutoka, aliwatembelea nyumbani, na alipatikana kwa simu kila siku kwa miezi 18. Watoto wa kundi la pili walitoka wastani wa siku 11 mapema zaidi, wakiwa na gramu 200 pungufu. Hawakurudi hospitalini zaidi ya wenzao, wala hawakukua vibaya kuliko wao. Gharama ya hospitali ilipungua kwa asilimia 27. Kazi yote ya muuguzi ya kuwafuata nyumbani iligharimu wastani wa dola 576 kwa mtoto, huku akiba baada ya kuiondoa ikizidi dola 18,000. Ukitazama tarakimu hizo utaelewa ni kwa nini hata wakuu wa hospitali wasiojali uuguzi walisoma makala hiyo.

Inafaa kutaja kwa kifupi kwamba njia nyingine ya kufika huko huko ilikuwa imeshagunduliwa kwa dhiki. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi kuliko vifaa vya kuwapashia joto. Akawafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na kuwaruhusu waende nyumbani wakiwa bado wadogo sana, kwa sharti la kurudi kliniki mara kwa mara. Huu ndio utaratibu wa kangaruu ambao sasa unajulikana katika wodi zetu za wazazi. Philadelphia walikuwa na pesa zilizozidi kutumika, Bogotá hawakuwa na pesa kabisa, na wote wawili walifika kwenye jambo moja: mtoto anaweza kutoka kama kuna mtu aliyefundishwa wa kumpokea.

Wa pili ni Mary Naylor, aliyewageukia wazee. Katika utafiti wake wa mwaka 1999 wagonjwa 363, wote wa miaka 65 na zaidi, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata ruhusa ya kawaida. Kundi jingine lilipewa muuguzi mbobezi mmoja aliyemwona mgonjwa ndani ya saa 48 tangu alazwe, akaendelea kumwona wodini, kisha yeye huyo huyo akamfuata nyumbani ndani ya saa 48 baada ya kutoka, akamtembelea tena baada ya siku 7 hadi 10, na kumpigia simu kila wiki mpaka mwezi ulipotimia. Baada ya wiki 24, asilimia 37 ya wagonjwa wa kundi la kawaida walikuwa wamelazwa tena walau mara moja. Katika kundi la muuguzi walikuwa asilimia 20.

Jambo la kutazama hapa ni maneno "yeye huyo huyo". Naylor hakubuni dawa mpya wala chombo kipya. Aliondoa ule mpasuko wa zamani kati ya muuguzi wa wodini na muuguzi wa mtaani kwa kuwafanya kuwa mtu mmoja. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo hakuhitaji kumweleza mgeni upya kwamba vidonge vya kupunguza maji mwilini havimezi asubuhi ya Jumapili kwa kuwa vitamtoa kanisani mara nne. Muuguzi alishajua, na akapanga saa nyingine.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2009, watafiti waliochambua kumbukumbu za Medicare za wagonjwa karibu milioni 12 walionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano alilazwa tena ndani ya siku 30. Nusu ya waliorudi baada ya kulazwa kwa ugonjwa usio wa upasuaji hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya kumwona daktari katikati. Kuanzia mwaka 2012 serikali ya Marekani ikaanza kuzikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wanarudi kupita kiasi. Aliyerudi akawa na bei. Sina hakika kama hilo linastahili kushangiliwa, kwa kuwa hospitali inayoogopa faini inaweza pia kumchelewesha mgonjwa mlangoni hadi siku ya 31. Lakini kwa historia yetu linaonyesha umbali uliotembewa tangu Cabot awaone wagonjwa wake wakirudi na hakuna aliyetaka kulipia swali lake.

Turudi sasa mwaka 1965, mwaka wa Medicare, lakini tuje Kampala. Katika kilima cha Mulago lilikuwepo tatizo la watoto wanaorudi ambalo halikuhusu wazee wala bima. Ni tatizo la kwashiakoo.

Ugonjwa huu, unaomvimbisha mtoto miguu na uso, kumbabua ngozi na kumbadilisha nywele rangi, ulielezwa kwa jina hilo na daktari Cicely Williams aliyefanya kazi Ghana ya leo katika miaka ya 1930. Uganda ukawa mojawapo ya vituo vikuu vya kuuchunguza duniani. Hugh Trowell aliushughulikia Mulago kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1950 kikosi cha utafiti kikiongozwa na Rex Dean kiliweka mkazo kwenye tiba ya protini nyingi, hasa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta. Tiba ilifanya kazi. Watoto ambao zamani wangekufa walianza kupona mbele ya macho ya mama zao.

Hapo ndipo mkasa ulipoanzia. Mama aliona mtoto wake akipewa maziwa meupe hospitalini na kupona, akahitimisha, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angehitimisha, kwamba kwashiakoo ni ugonjwa wa hospitali na maziwa ya unga ndiyo dawa yake. Akipewa ruhusa alirudi kwenye nyumba ile ile na chakula kile kile. Matooke ni chakula kitamu na ndicho heshima ya meza ya Kiganda, lakini tumbo la mtoto wa mwaka mmoja na nusu hujaa kabla hajapata protini ya kumtosha. Na aliyeweza kununua maziwa alinunua kidogo, akayazimua kwa maji mengi, akayatia kwenye chupa ambayo hakuwa na njia ya kuichemsha. Mtoto akaharisha, akarudi Mulago. Kwa macho ya daktari mtoto huyo alikuwa ametibiwa vizuri mara mbili.

Jibu lilikuwa kitengo cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa Mulago mwaka 1965. Jina lenyewe limetoka kwenye methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutoka kwenye mbeleko, maana yake afya yake hutokana na jinsi anavyolelewa tangu akiwa mgongoni. Hapakuwa wodi kwa maana ya kawaida. Mama aliingia na mtoto wake aliyekwisha kuvuka hatari ya kifo, akakaa naye, akampikia mwenyewe, kwenye moto kama wa nyumbani, kwa vyungu kama vya nyumbani. Chakula kiliitwa kitobero, yaani mchanganyiko: viazi au matooke, pamoja na maharage, karanga au samaki, pamoja na mboga za majani, vyote vikafungwa katika jani la mgomba na kuchomekwa ndani ya chungu cha familia vipikike kwa mvuke pamoja na chakula cha wakubwa. Hakuna kuni za ziada wala sufuria ya pili. Wafanyakazi wa kitengo walifundisha, lakini mwalimu mkuu alikuwa mtoto mwenyewe. Mama alimwona akinenepa kwa vitu vinavyomea nyuma ya nyumba yake, siku baada ya siku, bila sindano.

Nadhani hili ni darasa la ruhusa lililotangulia kwa miaka ishirini yale ya Philadelphia, ingawa halikuitwa hivyo. Lilijibu swali lile lile: nini kinamfanya mgonjwa arudi, na nani nyumbani anaweza kukizuia? Tofauti ni kwamba Philadelphia muuguzi alifuata mgonjwa nyumbani, ilhali Mulago nyumba ilihamishiwa hospitalini kwa wiki chache. Kazi hiyo haikuishia kilimani tu, kwa maana ilipelekwa pia kijijini, katika kituo cha afya cha Luteete, ambako mtoto aliyepona alionekana na majirani waliomjua alipokuwa amevimba. Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na katika miaka iliyofuata wataalamu wengi wa kigeni waliondoka nchini. Hospitali ya Mulago iliporomoka kwa ukosefu wa dawa na hata maji. Mwanamugimu haikufungwa. Mafunzo yaliyohitaji jiko, jani la mgomba na mtu anayejua kufundisha yalikuwa mepesi kuendeshwa na Waganda wenyewe wakati vilivyohitaji umeme na fedha za kigeni vimekwama.

Kuna mgonjwa mwingine ambaye hurudi kwa sababu tofauti kabisa: yule ambaye hatapona. Mwenye saratani iliyoenea aliambiwa kwamba hakuna tena la kufanya, akapewa ruhusa, akarudi baada ya siku chache kwa sababu ya maumivu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool (mji ule ule wa Rathbone), alianzisha Hospice Africa Uganda. Walianza katika nyumba ya kuazima huko Nsambya, wakiwatembelea wagonjwa majumbani, na dawa yao kuu ilikuwa mofini ya maji, unga uliochanganywa na maji ambao mgonjwa anaweza kuunywa kitandani kwake. Ilikuwa rahisi kwa bei. Ugumu ulikuwa kwenye saini. Kwa sheria, mofini iliandikwa na daktari, na katika wilaya nyingi daktari alikuwa mmoja kwa maelfu ya watu, na yuko mbali. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa, na wauguzi na maofisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa wakaruhusiwa kuiandika. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo.

Katika visa vilivyotangulia muuguzi alipanga na kufundisha, lakini ruhusa yenyewe ilibaki kalamu ya daktari. Hapa muuguzi alipewa kalamu. Mgonjwa wa Hoima au Mbarara aliyekuwa akirudi hospitalini kwa sababu ya saini tu, hakuhitaji tena kubebwa kwenye pikipiki kwa saa tatu akilia.

Kuna watakaosema kwamba mifano ya Marekani haituhusu, kwa kuwa inadhani kila mgonjwa ana anwani, simu, na muuguzi mwenye gari. Nakubaliana nao nusu. Kweli, katika wodi zetu muuguzi mmoja huwa na wagonjwa kadhaa wa kadhaa, na kumfuata hata mmoja nyumbani ni ndoto. Lakini tuna kitu ambacho Philadelphia hawakuwa nacho. Chini ya kila kitanda cha hospitali ya umma Uganda pana mkeka, na juu ya mkeka huo analala omujjanjabi, jamaa aliyekuja kumuuguza mgonjwa. Yeye ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayekimbia kununua dawa zisizopatikana, anayejua kama usiku amelala. Atakapopewa ruhusa, ataondoka naye. Huyu ndiye "yeye huyo huyo" wa Naylor, na yupo tayari bila kuajiriwa. Muuguzi anayemfundisha kufunga kidonda siku ya pili, badala ya kumfukuza wakati wa mzunguko wa madaktari, ameshaanza mpango wa ruhusa.

Palipo na ugumu ni kwenye karatasi. Fomu ya ruhusa huandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi kwa vifupisho vya Kilatini, na daktari ambaye ameshahamia kitanda kingine. Omujjanjabi huipokea kwa mikono miwili. Kama hajasoma Kiingereza, anachoondoka nacho ni kile ambacho muuguzi amemwambia kwa Luganda, Lusoga, Kiacholi au Kiswahili katika zile dakika chache kati ya kufunga mizigo na kuita bodaboda. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, lakini bado sijaona fomu ya ruhusa ya hospitali ya umma iliyochapishwa kwacho, wala kwa Luganda. Baadhi ya wauguzi huwaomba jamaa warudie maelekezo kwa maneno yao wenyewe kabla hawajavuka mlango: vidonge vyeupe vingapi, vya njano lini, akianza kuvimba miguu umpeleke wapi. Jamaa akikosea, muuguzi huanza upya, huku foleni ya wanaosubiri kitanda ikiongezeka nyuma yake.